Nilivyompeleka mama kwenye nyumba ya Susan B. Anthony

Jumatatu moja ya Oktoba niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikachemsha chai ya tangawizi, nikaijaza kwenye chupa, nikamfunga mama mkanda wa gari, tukatoka Syracuse kwenda Rochester. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara kuu ya kulipia. Mama ana miaka 74 na magoti yake hayataki kukunjwa muda mrefu, kwa hiyo tulisimama mara mbili njiani anyooshe miguu. Tulipofika Mtaa wa Madison, nambari 17, tukaikuta nyumba ya matofali ya Susan B. Anthony, yule mwanamke wa karne ya 19 aliyepigania wanawake wa Marekani wapewe kura, imetulia, hapana mtu. Jumatatu hawafungui.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na ruhusa ya namna ile hailipwi. Zamu moja ikipita nimepoteza kama dola 140. Weka juu yake petroli na ushuru wa barabara. Lakini kilichoniuma zaidi ni kumwona mama amesimama kwenye baridi, shali kaivuta hadi puani, anaitazama nyumba ya watu kwa adabu kana kwamba tulisafiri kuja kutazama mlango. "Nyumba nzuri," akasema. "Tumeiona. Twende zetu."

Naandika kwa ajili ya wenzangu walioko huku Marekani, na hasa wanaoletewa wazazi wao kuwatembelea, wakataka kuwatoa siku moja waone kitu chenye maana kuliko maduka. Nyumba hii inafaa sana. Ila mimi niliiendea vibaya, na sikuikosea siku tu.

Nianze na kwa nini nilitaka kwenda. Mwezi Juni nilikuwa nimekula kiapo cha uraia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, hivyo saa ile ile niliyoinua mkono wa kulia ndiyo saa niliyoacha kuwa Mtanzania kwenye karatasi. Jioni nilimpigia mama simu Tanga. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akuongoze," halafu akaniuliza kama nimekula. Hakuligusa tena jambo lile, na mimi nikaogopa kuligusa. Alipokuja, viza mkononi, nikawa namwona anaitazama ile bendera ndogo niliyopewa siku ya kiapo, nimeiweka juu ya friji, halafu anageuza macho.

Nilitoka nyumbani sijatimiza miaka 18. Sijawahi kupiga kura popote. Novemba ile ndiyo ingekuwa mara yangu ya kwanza, na nilitaka mama aelewe kwamba sikuvua uraia wa kwetu kama mtu avuavyo nguo. Nikawaza: nitamweleza wapi vizuri kuliko sebuleni kwa mwanamke aliyekamatwa kwa kosa la kupiga kura?

Baada ya ile Jumatatu nilijifunza kupiga simu. Hili ni la kwanza kwa yeyote atakayekwenda: usitegemee ulichosikia kwa mtu, ulizia siku na saa, ulizia bei, na kata tiketi mapema, maana kuelekea Novemba watu huwa wengi. Unatembezwa na mwongozaji kwa saa maalumu, hujiingii ovyo. Ukiwa na mzee, sema hapo hapo kwenye simu. Nyumba ni ya karne ya 19 na ngazi zake ni za karne hiyo. Mimi niliuliza habari ya kiti, nikaambiwa mama ataketi chini na hatabaki peke yake. Laiti ningeuliza hayo wiki moja kabla.

La pili nilifunguliwa macho na huyo huyo wa kwenye simu. Nilikuwa nimeamini kwamba Susan B. Anthony alikuwapo kwenye ule mkutano maarufu wa haki za wanawake wa Seneca Falls, tarehe 19 na 20 Julai 1848, na kwamba nyumba hii na Seneca Falls ni mahali pamoja. Sivyo. Seneca Falls iko kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Rochester. Huko ndiko alikoishi Elizabeth Cady Stanton, mwenzake mkubwa katika harakati hizo, na nyumba yake iko chini ya hifadhi ya taifa. Susan alikutana na Stanton mwaka 1851. Waliojitokeza mwaka 1848 upande wa kina Anthony ni wazazi wake na mdogo wake, Mary. Wiki mbili baada ya Seneca Falls ulifanyika mkutano mwingine hapa Rochester, na watu hao watatu wakatia sahihi tamko la haki za wanawake wakati Susan yuko mbali anafundisha shule. Nililisikia jina la Mary, nikalipita.

Ijumaa usiku nilikaa na mama jikoni kumsimulia, nisije nikahangaika kutafsiri mbele ya watu. Alikuwa anachambua mchele, ingawa mchele wa huku hauna mawe. Nikamwambia: mwaka 1872, tarehe 1 Novemba, Susan, mwanamke wa miaka 52, alitoka nyumbani na dada zake kwenda kujiandikisha kupiga kura, na mahali pa kujiandikishia palikuwa kwa kinyozi.

"Kwa kinyozi?"

"Kwa kinyozi, mama."

Wanaume waliokuwa wakiandikisha wakakataa. Susan akawasomea Katiba. Marekebisho ya 14, yaliyopitishwa mwaka 1868, yalikuwa yamesema kwamba watu wote waliozaliwa Marekani au waliopewa uraia wake ni raia. Akawauliza kama mwanamke si mtu. Akawaambia wakimkatalia atawashitaki. Wakamwandika. Tarehe 5 asubuhi akapiga kura, na wanawake wengine 14 wa mji ule nao wakapiga. Tarehe 18 Novemba akabisha hodi ofisa wa serikali, ana haya usoni, akimwomba aje ofisini kwa hiari yake. Susan akakataa. Alitaka akamatwe kama anavyokamatwa mwanamume. Kwenye gari la abiria, konda alipomdai nauli, akasema anasafiri kwa gharama ya serikali, huyu bwana anampeleka kizuizini, adaiwe yeye.

Mama aliweka ungo chini akacheka hadi machozi.

Mimi nilikuwa nimeshikwa na neno moja. "Waliopewa uraia." Nimelisoma mara nyingi nikijiandaa na mtihani wa uraia, nikilikariri kama orodha ya mito. Sikujua kwamba hoja yote ya mwanamke huyu ilisimama juu ya sentensi ambayo nusu yake inanihusu mimi. Nilimweleza mama hivyo. Akaniangalia muda, akasema, "Kumbe na wewe umo," akaendelea na mchele wake.

Jumamosi tulifika nusu saa kabla ya zamu yetu. Unapokelewa nyumba ya jirani, nambari 19, ambayo zamani ilikuwa ya dada yao mwingine, Hannah. Uani wametenganishwa na hatua chache tu, na mama alilipenda hilo kabla ya kuambiwa lolote. "Walijenga karibu karibu," akasema. "Kama kwetu."

Mwongozaji wetu alikuwa bibi wa makamo ya mama, nywele nyeupe, anajitolea. Mama hakumwita bibi wala "madamu". Alimwita mwenzangu tangu mwanzo hadi mwisho. Tulikuwa wageni wanane. Tukaingia sebuleni.

Ukizoea makumbusho makubwa utaishangaa sebule ile kwa udogo wake. Viti vya mbao vyenye vitambaa, picha ukutani, dirisha linalotazama mtaani. Hapa ndipo yule ofisa alipoketi akizungukazunguka maneno. Mwongozaji alitusimulia na kesi yenyewe: Juni 1873, mji wa Canandaigua, kwa sababu Susan alikuwa ametembea wilaya yake nzima akihutubia na upande wa mashitaka ukaona hapatapatikana hapa wa kumhukumu. Jaji Ward Hunt hakuwaachia wanaume 12 walioketi kuamua kesi waamue. Aliwaamuru waseme ana hatia. Faini dola 100. Susan akamwambia mbele ya watu kwamba hatalipa hata dola moja ya adhabu hiyo ya dhuluma, na hakulipa hadi alipokufa. Jaji hakumfunga, na kwa kutomfunga akamzibia njia ya kufika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 2020 rais alitangaza kumsamehe. Nyumba hii ikaukataa msamaha ule, ikisema kuukubali ni kukiri kwamba kesi ilikuwa halali.

Nilikuwa natafsiri kwa kunong'ona. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, hata pale unapoijua hadithi. Ukimaliza sentensi moja mwongozaji ameshavuka tatu, na wewe unaishia kusikia vipande. Nilitamani ningemwomba kabla, wakati tunasubiri, apumzike kidogo kila baada ya maelezo. Angekubali. Mtu wa kujitolea hafurahii kitu kama mgeni anayetaka kuelewa.

Mama akanivuta mkono. "Muulize mwenzangu. Huyu alikuwa akisafiri sana?"

Nikauliza. Sana, nikajibiwa, alihutubia mara 75 hadi 100 kwa mwaka, miaka mingi mfululizo, kwa treni, kwa magari ya farasi, kwenye theluji.

"Mama yake alikuwa wapi?"

Humu humu. Aliyeinunua nyumba hii mwaka 1866 ni mama yao, Lucy, akiwa mjane.

"Na alipougua, nani alikuwa akimwogesha?"

Nikasita. Niliona aibu kumwuliza mwongozaji swali la bafuni mbele ya watu waliolipa kuja kusikia habari za Katiba. Mama akanifinya kidogo, hivi anavyonifinya tangu nikiwa mdogo. Nikauliza.

Yule bibi alinyamaza, halafu uso wake ukafunguka. Akasema huulizwa kila siku kuhusu kukamatwa, mara chache sana kuhusu hilo. Jibu ni Mary. Mary alikuwa mwalimu, baadaye mwalimu mkuu, na mshahara wake ndio uliokuwa ukiingia kwenye nyumba hii kila mwezi wakati dada yake anarudi na madeni ya harakati. Dada yao Guelma alipiga kura pamoja nao mwaka 1872 akiwa mgonjwa. Akafia humu mwaka 1873, mwaka ule ule wa kesi. Lucy akafia humu mwaka 1880. Nyumba ikabaki mikononi mwa Mary. Na si kwamba Mary alikuwa wa jikoni tu: mwaka 1897 alianza kulipa kodi ya serikali huku akiandika kila mara kwamba analipa kwa kupinga, kwa sababu anatozwa bila kupiga kura.

Nikamtafsiria mama yote. Akasikiliza akitazama dirishani.

"Basi huyo ni dada yako," akasema.

Mwongozaji akanitazama akingoja nimtafsirie. Sikuweza. Nilimwambia mama ameshukuru.

Dada yangu mkubwa yuko Tanga. Alifika kidato cha nne na alikuwa na akili kunizidi. Baba alipopooza, mmoja alitakiwa abaki na mmoja alikuwa na nafasi ya kuondoka, na hakuna kikao kilichokaliwa, yeye alibaki. Ndiye anayempeleka mama kliniki ya presha, anayejua dawa ipi inamegwa nusu, anayelala mlango wazi asikie akiita usiku. Mimi natuma pesa kila tarehe 1, na nimekuwa nikisema kwa watu, bila kufikiri, "Mimi ndiye ninayewatunza nyumbani." Nimelisema hadi kazini, huku nikimwogesha mama wa mtu mwingine kwa mshahara wa saa. Pale sebuleni niliyasikia maneno yangu.

Kosa langu kubwa la safari nzima lilikuwa hili, wala si lile la Jumatatu. Usiku wa Ijumaa nilimsimulia mama mtu mmoja aliyekuwa barabarani. Niliikata nyumba nikaitupa, na nyumba ndiyo tuliyokuwa tunakwenda kuiona.

Ngazi za kwenda juu mama alizitazama akatikisa kichwa. Akaketi chini na mama mwingine wa kujitolea, ambaye hakujua neno la Kiswahili, na mama hajui Kiingereza zaidi ya "thenki yuu". Mimi nikapanda na wenzangu. Vaa viatu visivyoteleza, na usibebe mkoba mkubwa. Juu kuna chumba alichofia Susan tarehe 13 Machi 1906, akiwa na miaka 86. Juu zaidi, chini ya paa, kuna chumba cha kazi. Hapo aliketi na Ida Husted Harper kuandika maisha yake na historia ya harakati, karatasi zimezagaa, barua za miaka 50. Paa limeinama, unainamisha kichwa. Mwongozaji alitukumbusha kwamba katika siku za uzee wake chuo kikuu cha mji huu kilikubali kupokea wasichana kama ingechangwa pesa ya kutosha, na zilipopungua siku ya mwisho, Susan alitoa hata bima yake ya maisha. Wasichana wakaingia mwaka 1900. Mary naye alichanga.

Huko juu ndiko nilikouliza swali nililokuwa nalo moyoni, na nashauri msiliogope. Mimi ni mwanamke mweusi. Nilijua kwamba Marekebisho ya 15, yaliyokamilika mwaka 1870, yaliwapa kura wanaume weusi, na Susan na Stanton waliyapinga kwa sababu wanawake waliachwa nje. Katika ugomvi huo, hasa upande wa Stanton, yalisemwa maneno machafu juu ya weusi na wahamiaji. Frederick Douglass, mwanamume mweusi aliyepigana utumwa ukomeshwe, rafiki yao aliyetia sahihi Seneca Falls, alitengana nao kwa hilo mwaka 1869. Nikauliza: mnalisimulia vipi?

Yule bibi hakuficha. Akasema ilikuwa hivyo. Akaongeza kwamba mwaka 1895, kwenye mkutano wa kudai kura kwa wanawake uliofanyika Atlanta, Susan alimwomba Douglass asije, wazungu wa kusini wasichukie. Halafu akatueleza habari ya Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi aliyekuwa akipambana na mauaji ya kunyonga watu weusi. Wells alikuwa mgeni katika nyumba hii. Susan alimwambia katibu wake aandike barua za mgeni. Katibu akakataa kumwandikia mtu mweusi. Susan akamfukuza kazi. Lakini Susan alipomsimulia Wells habari ya Atlanta, akamuuliza kama anaona alikosea, Wells alimwambia usoni: ndiyo, ulikosea.

Nilifurahi kulisikia hilo ndani ya nyumba ile ile, kutoka kinywani mwa mwenyeji. Hata Marekebisho ya 19, yaliyowapa wanawake kura, yalipokamilika tarehe 18 Agosti 1920, wanawake weusi wengi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa kwenye vituo hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965. Kura yangu mimi imepita kwa Wells kuliko ilivyopita kwa Susan, na imepita kwa wote wawili. Nenda ukiwa na swali lako, ulitoe kwa heshima, usikilize jibu.

Niliposhuka nikawakuta mama na yule mwenzake wameinamia picha ya zamani, vichwa karibu kugusana. Yule mama alikuwa ameinua vidole vinne. Mama naye ameinua vinne, anavikunja kimoja kimoja, kila kimoja anakitaja: "Susan. Mary. Hana." Cha nne kikamshinda, akakiacha kimesimama. "Guelma," nikasema. "Wote wanne walikwenda," mama akaniambia kwa Kiswahili, kama vile ni yeye aliyekuwa akinitembeza. "Wote wanne siku ile walikwenda kwa kinyozi. Wewe uliniambia mmoja."

Nilikuwa nimesema "na dada zake." Lakini alikuwa na haki.

Kando kidogo ya nyumba kuna bustani yenye sanamu ya Susan na Douglass wameketi wanakunywa chai, kazi ya mchongaji mzaliwa wa Laos aliyeishi mtaa ule. Tulikaa benchi, nikafungua chupa. Kaleni kabla ya kwenda au bebeni chakula, maana kwa mzee mwenye sukari na presha kuhangaika kutafuta mgahawa ni mateso. Mama akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Siku za TANU, yeye akiwa mtoto wa miaka saba au nane, mama yake alikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakikutana, wakichanga senti, wakizungumza habari za Bibi Titi Mohamed. Akirudi usiku alikuwa anaimba. "Na sisi nani alikuwa nasi?" mama akajiuliza mwenyewe. "Mama mkubwa. Mama mkubwa hakuwahi kumwona Bibi Titi. Alikuwa anatupikia."

Baada ya hapo nikafanya kosa jingine, la tamaa. Kwa kuwa Seneca Falls iko njiani kurudi Syracuse, nikataka kuimaliza siku hiyo hiyo. Tulifika jioni, miguu ya mama imevimba, milango imefungwa. Tukalitazama kwa nje lile kanisa ulikofanyikia mkutano, dakika tano, upepo unakata. Msiziunganishe sehemu hizi mbili kwa siku moja kama mna mzee au mtoto. Kila moja ipewe siku yake. Safari zote mbili, na ile zamu iliyopotea, na tiketi, na chakula, zilinitoka zaidi ya dola 250. Ningepiga simu ya dakika tano mwanzoni ningeokoa zaidi ya nusu.

Mwishoni mwa Oktoba New York hufungua kura ya mapema. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, mama akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba mapajani. Mikono ilinitetemeka nilipojaza vile viduara. Nilipotoka nikapewa stika ndogo ya duara inayosema nimepiga kura, nikaibandika kwenye koti. Mama aliisogelea akaitazama, akainyoosha pembe iliyokunjika. Kisha akasema kitu ambacho kwa muda wote aliokaa kwangu hakuwahi kukisema, maana mama si mtu wa kuomba: "Nipeleke kwa yule dada."

Nikamuuliza dada yupi. Akanitazama tu.

Makaburi ya Mount Hope, kule Rochester, ni makubwa mno, yana vilima, na Douglass naye amelala humo. Chukua ramani mlangoni, au mzee wako atachoka bure. Kwenye eneo la kina Anthony tuliwakuta wanawake kama 12 wamejipanga, wengine na mabinti zao, wakipiga picha kwenye jiwe jeupe la Susan. Watu walizoea kubandika stika zao pale. Tafadhali msibandike jiweni. Gundi, na kusuguliwa kwa kusafishwa kila mara, huyala mawe ya zamani. Mkitaka kuacha kitu, ua linatosha.

Mama hakujipanga. Alipita nyuma ya watu, taratibu, fimbo mkono mmoja na mimi mkono mwingine, akasimama kwenye jiwe la pembeni. Mary, aliyemfuata dada yake mwezi Februari 1907. Majani makavu yalikuwa yamelifunika chini. Mama akanipa fimbo, akainama kwa yale magoti yake, akayafagia kwa ncha ya shali hadi herufi za jina zikaonekana zote. Sikumzuia.

Alipoinuka akanyoosha kiganja. "Nipe hiyo."

Nikabandua stika kwenye koti nikampa. Akafungua mkoba, akatoa pasi yake ya kusafiria, akaibandika ndani ya jalada, akaisugua kwa dole gumba ishike.

"Hii nampelekea dada yako," akasema.